Kisa cha bro wangu na mawazo: alichoweza Afande, mi na gym yangu tukashindwa

Tarehe 5 Novemba 2023 nadhani mtu wa mpira hawezi kuisahau, Yanga kampiga Simba tano moja pale kwa Mkapa. Mtaani kwetu Mbagala goli la tatu watu walishatoka nje, la nne masufuria yanapigwa, la tano kuna jamaa kavua shati anakimbia nalo barabarani utafikiri kaiba. Bro wangu, Yanga damu, ana jezi za miaka ile mpaka zimepauka hujui ilikuwa njano au khaki, alikuwa chumbani kalala kageukia ukuta. Nikaingia mbio nikamwambia bro tano! Akasema "sawa dogo". Hakugeuka hata shingo. Hapo ndo nikaogopa.

Ngoja niwape picha kamili. Bro wakati huo ana miaka 43, dereva wa lori miaka 14, Dar Tunduma, anavuka Zambia mpaka Kongo, mtu wa stori, akirudi safari nyumba nzima inajaa. Katikati ya mwaka ule bosi wake akauza magari yote, madereva wakapewa cha kuwapoza wakaambiwa asanteni. Bro akasema sio kesi ntapata gari nyingine, miezi miwili hola, akaenda kukopa kausha damu ili alipe ada ya mtoto, na kausha damu mnaijua, inalipwa kila wiki na wakija kudai hawaji kimya kimya. Kufika Oktoba halali. Yani analala saa nne, saa tisa usiku macho kodo mpaka kunakucha, halafu mchana mzima yuko kitandani ila sio usingizi. Ugali anachovya matonge mawili anasukuma sahani. Simu kaweka sailensi, akiona namba mpya jasho linamtoka.

Ndugu kila mtu na lake. Mama mdogo anasema kalogwa na madereva wenzake, kanisani wakasema aletwe kwenye maombi, akapelekwa mara tatu. Mimi sina ugomvi na maombi, ila jirani mmoja alikuwa anacheka "huyu ataishia Mirembe" na hiyo ndo ilimfunga mdomo bro kabisa, maana Bongo ukitajiwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, umeshakuwa kichaa, hakuna katikati. Na sisi lugha yenyewe inatuponza kidogo, tunasema "ana mawazo" kama vile ni kitu cha kawaida, kila mtu ana mawazo, sasa mtu akiumwa kweli sonona, yani depression, bado tunamwambia acha mawazo.

Aliyemfikisha hospitali ni shem, mke wa bro, na alimpeleka kwa ujanja, kamwambia twende ukapime presha. Presha kweli ilikuwa juu, ila daktari alikuwa mwelewa akaanza kumuuliza usingizi, chakula, vitu alivyokuwa anapenda, halafu akamuuliza wazi wazi kama amewahi kuwaza kujiua. Bro akanyamaza sana, akasema huwa anawaza tu angelala asiamke. Nimeliweka hili hapa makusudi, kama una ndugu kafikia kauli ya hivyo usisome maelezo ya mtu wa mtandaoni kama mimi ukamwanzishia mbio, mpeleke hospitali leo. Bro alipewa fluoksetini, dawa ya sonona, akaambiwa itachukua wiki mbili mpaka nne kuonyesha kitu, arudi kila mwezi, na mwisho daktari akasema ile sentensi: "na ujitahidi kufanya mazoezi".

Sasa hapo ndo na mimi nikaingia na ujuaji wangu. Mi ni ticha wa baiolojia, sekondari, kusoma ndo kazi yangu, nikarudi nyumbani nikaanza kufukua tafiti. Nikakuta ule wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, wa 1999, watu 156 wenye sonona wa miaka 50 na kuendelea, kundi moja mazoezi mara tatu kwa wiki, kundi moja dawa ya setralini, kundi la tatu vyote, na baada ya wiki 16 makundi yote matatu yamepata nafuu karibu sawa, tofauti ni kwamba wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Nikasema basi dawa ipo, mazoezi naongeza, bro anapona mwezi huu. Nikamlipia gym elfu 50 ya Desemba. Nikamnunulia raba. Kila asubuhi namtumia meseji za hamasa, zile zenye picha ya simba, sijui "maumivu ni ya muda".

Gym alienda mara mbili. Mara ya kwanza nilimsindikiza, mara ya pili sijui hata kama aliingia ndani. Baadae sana ndo aliniambia, kule kuna vioo kila ukuta, mziki mkubwa, vijana wa miaka 22 wananyanyua vyuma wanajipiga picha, na yeye na kitambi chake cha miaka 14 ya kukaa kwenye usukani anajiona kila anakogeuka, "dogo ulinipeleka kujitazama wakati kitu nilichokuwa sitaki ni kujitazama". Na zile meseji alikuwa hazifungui. Kila meseji ilikuwa deni jingine, anadaiwa kausha damu na anadaiwa na mimi mazoezi.

Hilo ndo kosa la kwanza kwenye kisa hiki, na naliona kwa wengi. Ugonjwa wenyewe unakula nguvu ya kuanza kitu. Mtu kuoga tu anapanga kuanzia asubuhi mpaka jioni, halafu unamwambia fanya mazoezi, ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee hadi kwa fundi viungo. Ushauri ni sahihi kabisa ila unamtaka atoe kile kile alichoishiwa.

Aliyetatua ni jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, mtaa mzima tunamwita Afande, miaka 60 na kitu, mnene kiasi, goti moja bovu. Ana kikundi cha jogging cha mtaani, zile jogging za Temeke mnazijua, Jumapili asubuhi Kilwa Road imejaa fulana za rangi moja, filimbi, mwimbishaji anatoa sauti wenzake wanaitikia, daladala zinapiga honi. Nikamlalamikia kwamba bro kagoma mazoezi. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. "Ticha, mgonjwa haambiwi kimbia. Mgonjwa anafuatwa."

Jumatatu ya pili ya Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mzee wa watu kaja na kiti chake cha plastiki na tochi, kakaa kibarazani kwa bro. Kagonga mara moja. "Dereva! Nipo hapa." Basi. Hakugonga tena wala hakuita. Shem anasema bro alikaa kitandani dakika kama 20 anasikia mzee anakohoa nje kwenye giza na mbu, mwisho akatoka na ndala na shati la kulalia. Wakatembea mpaka kwa Mangi, duka lenyewe hata halijafunguliwa, wakageuka. Dakika nane nzima safari. Hawakuongea kitu. Afande akabeba kiti chake akasema kesho.

Kesho yake hivyo hivyo. Nilimuuliza bro baadae ilikuaje alitoka, kama alijisikia hamasa au vipi, akacheka, akasema hamasa gani, "we utamwacha mtu mzima umri wa baba yako amekaa nje anaumwa na mbu kwa ajili yako?" Kwahiyo kilichomtoa ni heshima tu, na heshima ilikuwa bado haijaisha ndani yake wakati vitu vingine vyote vimeisha. Hiki kitu sijakikuta kwenye tafiti zozote nilizosoma lakini ndo bawaba ya kisa chote.

Daftari nilianzisha mimi, na hili najipongeza. Kila siku vitu vitatu: dakika alizotembea, masaa aliyolala, na mawazo kwa namba, sifuri hakuna na kumi yamemjaa kabisa. Uzito sikuandika, Afande alikataa, akasema ukimpima kitambi ataacha wiki ya pili, na nadhani alikuwa sahihi kwasababu mpaka Aprili bro alikuwa kapungua kilo mbili tu, angekuwa anahesabu kilo angeona anapoteza muda wake.

Wiki ya kwanza: dakika nane mpaka 12, usingizi masaa matatu, mawazo 9, 9, 9, 8, 9. Wiki ya pili vile vile, ila dakika zimefika 15. Mi nikaanza kukata tamaa kimya kimya. Wiki ya tatu kuna siku imeandikwa usingizi masaa matano na pembeni shem kaandika kwa mkono wake "kakoroma". Wiki ya nne usingizi masaa matano siku nne mfululizo, mawazo bado 8. Mnaona? Usingizi ulitangulia, mawazo yakafuata nyuma kama trela, wiki ya sita ndo tunaona 6 ya kwanza, wiki ya saba 7, 6, 6, 5. Jumapili ya wiki ya nane aliingia jogging ya kikundi kwa mara ya kwanza, alikaa mkiani na wazee na akina mama wanaotembea kwa haraka, na baada ya hapo supu. Supu ya kongoro na chapati mbili, alimaliza. Shem nilipomwambia alilia kwenye simu.

Sasa mtaniuliza ni dawa au ni mazoezi. Sijui niwadanganye nini, vyote vilikuwepo, dawa alianza mwishoni mwa Novemba na alikuwa anasahau sahau, Januari ndo alianza kumeza kila siku kwasababu Afande akirudi anasimama mlangoni anauliza "umemeza?". Kwahiyo hata dawa ilisaidiwa na matembezi. Wale wa Duke waliwafuatilia watu wao miezi sita baada ya jaribio kuisha, kati ya waliokuwa wamepona, wa kundi la mazoezi ugonjwa uliwarudia asilimia 8, wa kundi la dawa asilimia 38. Namba tamu sana hiyo lakini msiikimbilie, waliokuwa wanaendelea na mazoezi huenda ndo hao hao ambao hali zao zilikuwa nzuri toka mwanzo, na usije ukaacha dawa ghafla kwasababu ya namba ya ticha. Februari 2024, bro yuko wiki ya sita, jarida la kitabibu la BMJ likatoa uchambuzi umekusanya tafiti 218, watu zaidi ya elfu 14, na kutembea au jogging, yoga, na mazoezi ya nguvu ndo vilikuwa mbele kwa kupunguza sonona. Wenyewe walisema tafiti nyingi humo ubora wake sio wa kujivunia, ila mwelekeo ni ule ule.

Kinachofanyika ndani ya mwili watu wengi wanasema endofini, endofini, zile kemikali za mwili za kutuliza maumivu na kuleta raha, hata mi nilikuwa nafundisha hivyo. Kuna jaribio lilitoka 2021, watu 63, waliwapa dawa inayozuia mlango wa endofini halafu wakawakimbiza, na ile raha ya baada ya kukimbia wakaipata vile vile. Siku hizi wanaangalia zaidi kemikali ambazo mwili unatengeneza wenyewe zinazofanana na za kwenye bangi, ndio, bangi, nilimwambia Afande akasema nisirudie hiyo kauli mbele ya vijana wake. Halafu kuna protini inaitwa BDNF inayosaidia seli za ubongo kukua na kuungana, na utafiti wa 2011 wa wazee 120, waliotembea mwaka mzima sehemu ya ubongo ya kumbukumbu iliongezeka kama asilimia 2 wakati wa kujinyoosha tu ilipungua. Lakini ukiniuliza kwa bro, mi naona vitu vya kawaida ndo vilianza kazi: anaamka muda ule ule kila siku, anapata mwanga wa asubuhi, mwili unachoka kwahiyo usiku unadai kulala, na ile dakika 20 anaangalia asikanyage dimbwi hawezi kuwaza kausha damu kwa utulivu.

Kuna kitu kuhusu nyimbo pia. Kipimo cha mazoezi ya kati ni kwamba uweze kuongea ila usiweze kuimba. Sasa mchakamchaka wetu watu wanaimba, maana yake mwimbishaji bila kujua anawazuia wasikimbie kupita uwezo, ukishindwa kuitikia unajua umezidisha, unapunguza. Bro anasema kitu cha kwanza alichokisikia kwa miezi mingi ni sauti yake mwenyewe anaitikia, alishtuka, ilikuwa imekauka kama ya mtu mwingine.

Nilete na hili maana kijiweni waliniuliza: mbona fundi ujenzi anabeba zege kutwa na bado ana mawazo? Swali zuri kuliko majibu yangu. Tafiti zinaonyesha mazoezi ya muda wako mwenyewe ndo yana uhusiano na afya ya akili, kazi ya sulubu sio sana. Mwili hauchagui, jasho ni jasho, lakini kubeba zege umetumwa na ukiacha hauli, kutembea na Afande umeenda mwenyewe. Na hapa ndo nikamwona shem kwa mara ya kwanza, aibu kusema. Miezi yote ile shem anaamka saa kumi, anachota maji, anafungua genge, anasimama kutwa, anajibu wadai, na hakuna aliyemfungulia daftari. Kwa hesabu ya hatua alikuwa anatupita wote. Nilimuuliza Machi, shem na wewe mawazo yako ngapi, akasema "shemeji usianze". Wiki iliyofuata akaanza kwenda Jumapili na wale akina mama, mbio hataki, anasema hataki kupigiwa miluzi, anatembea anapiga umbea saa zima, na akirudi asimguse mtu mpaka saa nne. Saa moja kwa wiki tu. Wanorwe waliwafuatilia watu karibu elfu 34 kwa miaka 11 wakakuta hata saa moja kwa wiki, hata ya mwendo wa kawaida, inapunguza uwezekano wa kupata sonona baadae. Kwa wasiwasi hawakuona hiyo faida, na kweli bro bado namba mpya ikipiga jasho linamtoka.

Aprili ikaja masika, na masika ya 2024 mnaikumbuka, Mbagala barabara za ndani zilikuwa mito. Siku 12 hawajatoka. Daftari: usingizi 5, 4, 4, 3, mawazo 6, 7, 8, 8. Nilikuwa tayari kusema mnaona, ushahidi, kaacha kutembea kashuka. Lakini wiki hiyo hiyo wadai walikuja na mgambo wakabeba tivii na godoro la wageni. Kwahiyo nani kamshusha, mvua au mgambo? Siwezi kutenganisha, na anayekuletea kisa cha mtu mmoja akakwambia kimethibitisha kitu mwangalie vizuri. Ninachoweza kusema ni kwamba Oktoba alipodaiwa alilala miezi mitatu, Aprili alipodaiwa alilala siku nne. Siku ya tano Afande kaja na mwavuli, kakaa kibarazani pale pale, akasema leo hatutoki, tunachuchumaa. Pushapu tano kwa kuegemea ukuta, kuchuchumaa kumi, kusimama kwa mguu mmoja huku wanasikiliza mvua kwenye bati. Wakaendelea hivyo mpaka mwezi wa tano kile kimbunga Hidaya kilipopita na jua likarudi.

Deni lenyewe halikuisha kwa pushapu. Liliisha baada ya kuuza kiwanja cha Kongowe, kwa hasara, na bro anasema kabla ya hapo asingeweza hata kukaa na mnunuzi akabishana bei. Dawa daktari alizipunguza taratibu baada ya miezi tisa na ushee, kwa ratiba yake daktari.

Sasa hivi anaendesha kosta ya shule. Kazi nzuri, watoto wanampenda, tatizo anaanza kuzunguka kuchukua watoto saa kumi na moja na nusu, muda ule ule wa Afande. Wamejaribu jioni, jioni joto na magari na yeye kachoka, Jumanne na Alhamisi zinakufa kila wiki, na goti la Afande sasa limekuwa mawili. Usingizi umeteremka kidogo, mi naangalia tu sisemi, nilishajifunza kunyamaza. Jumapili bado ipo. Daftari analo yeye siku hizi, kalifunika na gazeti kama la mwanafunzi, ukurasa wa mwisho niliochungulia umeandikwa: "Jpili. Dk 55. Usingizi 6. Mawazo 4. Supu 3,000, Afande kadai nimlipie na yeye."